Kochi Lililovuka Mto

Harufu ya kwanza kunirudia ilikuwa ya usumba wa nazi uliolowa.

Mlioumwa korona mnanielewa. Asubuhi moja unachemsha chai ya tangawizi, unainamia kikombe, na hakuna kitu. Unakaanga vitunguu, ni kama unakaanga karatasi. Nilikuwa nimejifungia nyumbani Seven Hills, magharibi ya Sydney, msimu ule ambao sisi wa mitaa ya huku tulikatazwa kwenda mbali na milango yetu, na helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa kama nzi juu ya sahani. Kwenye televisheni tuliwaona watu wa upande wa bahari wanaogelea. Mimi sikuruhusiwa hata kuifikia bahari, na pua yangu haikuweza hata kuikumbuka.

Kila siku niliijaribu pua. Nilianza na karafuu za nyumbani Pemba, nikaenda kwenye sabuni ya kufulia na siki. Hakuna. Ndipo nilipofungua sanduku langu la safari nikatoa kipande cha kamba, kirefu kama mkono wangu. Nusu yake imesokotwa na nusu nyingine imesukwa, na katikati pana fundo. Nilikilowesha bombani, nikakikandamiza puani. Ikaja, mbali kwanza, kisha karibu: chumvi, vumbi, na kitu kilichooza kidogo bila kukasirisha. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikalia kama mtu aliyepigiwa hodi baada ya miezi.

Simu ikaita nikiwa hapo hapo. Alikuwa mdogo wangu Khamis, kutoka Tanga.

"Da Mize, u mzima? Mbona sauti hivyo?"

"Mzima. Nanusa kamba."

"Unanusa nini?" Akaguna. "Haya, ndiyo hayo. Umri huu, chumba cha kupanga, unanusa kamba. Mara Muscat, mara Durban, mara Rotterdam kwenye jiko la meli, sasa umekwama huko peke yako. Wallahi dada, usinikasirikie, lakini weye maisha yako yote umepeperushwa tu."

Nilimwambia nitampigia baadaye. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimeshtuka, maana neno lile nililisikia mara ya mwisho nikiwa na magoti yenye makovu na soksi zisizolingana, kituo kimoja tu cha treni kutoka hapa nilipokaa.

Khamis hakuwa amezaliwa. Baba alikuwa amepata nafasi ya kusomea ufundi wa mitambo Sydney, na mama na mimi tukamfuata. Tulipanga nyumba ya mbao karibu na reli, na treni ikipita vikombe vilizungumza kabatini. Mama alipata kazi ya usafi kwenye kiwanda cha biskuti, akawa anarudi na harufu ya siagi kwenye mtandio. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, na yote aliyatumia kwa uangalifu. Wanawake wa kazini na wa mtaani walimpenda, na kila mmoja kwa zamu yake alimuuliza swali lile lile, kichwa kikiwa kimeinama upande kwa huruma: uliishiaje huku, mama? Naye kila mara alijibu kwa neno moja: "Nilikuja." Mimi nilidhani hakuelewa swali. Nilidakia upesi nikaeleza habari za baba na masomo, na mama aliniacha nimalize, huku akitazama pembeni.

Jirani yetu alikuwa Tavita, Msamoa mwenye mabega ya kabati, fundi wa kiwanda cha mipira ya magari. Mkewe alifariki kabla hatujahamia, akamwachia binti mmoja, Sina, aliyekaa dawati moja nami. Tavita alikuwa na kaseti aliyotumiwa na binamu yake wa New Zealand. Watu wa visiwa vya kaskazini, Sina alinieleza, walikuwa wamejenga upya chombo cha mababu, mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja, wakavuka bahari yote ile bila dira wala ramani, kwa kutazama nyota na jua na kusikiliza mawimbi. Kwenye kaseti zilisikika sauti za watu waliokuja ufukweni huko New Zealand kukipokea: makombe ya baharini yakipulizwa, wazee wakilia, mtu anapiga kelele kwa lugha ambayo Tavita aliielewa nusu tu. Aliipiga kaseti ile mpaka utepe ukaanza kukoroma.

Msidhani Tavita alikuwa nahodha. Hakuwa. Babu yake ndiye aliyejua, na hakuna aliyemuuliza babu kwa wakati. Tavita alikuwa anajifunza kwa kubabaisha, kwa vipande vya magazeti. Uani kwake palikuwa na ule mlingoti wa kuanikia nguo ambao kila nyumba ya Sydney inao, wenye mikono inayozunguka kama mwavuli uliokosa kitambaa. Alifunga vibanio vya rangi kwenye mikono yake kuonyesha jua linakochomoza na upepo unakotoka, kisha upepo wenyewe ukauzungusha mlingoti na dunia nzima ikahama. Mama aliyaona hayo kutoka dirishani, akacheka mpaka akashika ubavu.

Mambo yalianzia darasani. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti laini, na alitufundisha kilichoandikwa. Alichora bahari ubaoni, akatia nukta za visiwa, akatuandikia sentensi ya kunakili: watu wa visiwa hivi walikuwa wavuvi waliopeperushwa na upepo, wakatua huko bila kukusudia.

Sina akanyoosha mkono. "Walikuwa na nguruwe."

"Samahani?"

"Walifika na nguruwe. Na kuku, na mbegu za kupanda, na wake zao. Nani anakwenda kuvua samaki na nguruwe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, akasema ni hoja nzuri, lakini bila dira na bila misumari ya kujengea vyombo imara, wangewezaje? Sina akasimama. Alisema baba yake anajenga mtumbwi, unafungwa kwa kamba ya nazi tupu, hauna msumari hata mmoja, na utaelea.

"Utazama kabla haujafika Villawood!" alipiga kelele Wayne, kijana wa dawati la nyuma. Villawood palikuwa na hosteli ya wahamiaji, na watoto kama yeye walipotaka kututukana walitutuma huko.

"Villawood hakuna maji, mjinga wewe."

"Si ndiyo maana!"

Walipoachana wakati wa mapumziko walikuwa wameshawekeana dau. Mtumbwi ukizama, Sina ataiandika sentensi ile ubaoni mbele ya wote, kwa mkono wake. Ukielea, haandiki kamwe, na Wayne atafunga mdomo. Sina hakuwa mtoto wa kulia, lakini njiani kurudi nyumbani alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mtumbwi ulikuwepo kweli kwenye kibanda cha gari cha baba yake, wa mbao nyembamba, umefunikwa turubai. Ila Tavita alikuwa ameununulia boliti na kamba ya nailoni.

"Nani kakwambia hauna msumari?" aliuliza Tavita.

"Wewe. Ulipokuwa unasikiliza kaseti."

Tavita akakaa juu ya tairi. Alisema kamba ya nazi haipatikani Sydney. Nazi za dukani kwa Wahindi wa Fiji zilikuja zimeshafuliwa, kichwa kitupu, hazina makumbi. Kuagiza Samoa kungechukua muda, na siku ambayo Sina na Wayne walikubaliana ilikuwa imekaribia. Sina alizitazama boliti zile kwenye mfuko wa plastiki kama mtu anayetazama sumu.

Nilimsimulia mama jioni ile nikimenya viazi. Alinisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwenye ile sentensi. Akaniambia niirudie. Nikairudia. Kisu chake kikasimama.

"Wamepeperushwa, ati?"

"Ndivyo ilivyoandikwa kitabuni, mama."

Akaendelea kukata vitunguu, lakini kwa kishindo.

Ilikuwa wiki ya halmashauri kukusanya takataka kubwa, na mtaa mzima ulikuwa umetoa vitu barazani: friji bila milango, magodoro, baiskeli za watoto waliokwisha kuoa. Mama alitoka asubuhi ya Jumamosi akiwa na kisu cha jikoni, nami nikimfuata. Alipita kwenye kila rundo, akabonyeza, akanusa, akaendelea. Mbele ya nyumba ya pembeni palikuwa na kochi kuukuu la rangi ya kahawia. Alilibonyeza, akaligeuza chali kama mbuzi wa kuchuna, akalipasua tumbo.

Ndani palikuwa na usumba, zile nyuzi za makumbi. Rundo zima la usumba wa nazi, mkavu, wa rangi ya simba, ambao mtu fulani aliujaza humo kabla mimi sijazaliwa. Mama akaushika kwa mikono miwili, akasema maneno ya Kipemba ambayo sitayaandika.

Majirani walitoka. Mzee mwenye nyumba alisimama na kikombe cha chai, akauliza kama kuna tatizo.

"Mwambie hakuna tatizo," mama aliniambia. "Mwambie kochi lake lina kamba ndani na hakujua miaka yote hiyo."

Tuliyabeba matumbo yake nyumbani kwa shuka. Mama aliujaza usumba kwenye beseni la kufulia na maji ya chumvi, maana kwao Pemba makumbi hufukiwa kwenye matope ya pwani mpaka yalainike, na usumba ambao haujaonja chumvi, alisema, hauna adabu. Baada ya siku kadhaa nyumba ilinuka hata baba akahamishia vitabu vyake nje. Hiyo ndiyo harufu, wasomaji wangu. Hiyo ndiyo iliyonirudia.

Kisha ukazuka ugomvi. Tulipeleka usumba kwa Tavita, mama akatandika mkeka kwenye kibanda cha gari, akakunja miguu, akaanza kusokota kwa viganja, nyuzi mbili zikifukuzana. Tavita akamkazia macho. Akaniita pembeni, akanong'ona kwa aibu kwamba kwao hiyo ni kazi ya wazee wanaume. Mwanamke hagusi.

Nilimtafsiria mama. Mama akamtazama Tavita aliyekuwa ameshavingirisha kaptura na kuanza kusugua nyuzi pajani, tayari kuzisuka tatu tatu.

"Mwambie Baba Sina, kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana anasokota kamba mkekani, watu wanauliza mkewe kamfanya nini."

Nilisita. Mama akasema, "Tafsiri, mwanangu. Usipunguze kitu." Nikatafsiri. Tavita uso ukamwiva, kisha akacheka kicheko kilichowafukuza ndege juu ya bati. Tangu hapo hawakunyamaza tena. Walifanya kazi wakipeana migongo, kila mmoja akiona haya kwa niaba ya mwenzake. Mama alipouona mtumbwi wenyewe umefunuliwa, wenye gogo moja tu la kuelea ubavuni, alishika kiuno.

"Ngalawa gani hii ya tengo moja? Mguu wa pili kaula nani?"

"Mwambie mama yako," alijibu Tavita, "mbili ni za watu waoga."

Na bado mkono wao ulikuwa mmoja. Nilikuwa nimekaa katikati yao nikiwapa nyuzi, na nikaona wote wawili, bila kufundishana, wanalowesha kidole kwa mate mahali pale pale, wanavuta kamba kwenye kidole gumba cha mguu ule ule ili waipime nguvu. Niliwaambia. Wakatazama miguu yao.

Tuliupeleka mtumbwi kwa pikapu ya Tavita kwenye mto Parramatta, pale unapopanuka na maji yake yanakuwa ya chumvi na mikoko inasimama ukingoni. Wayne alikuja na baiskeli, na nyuma yake nusu ya darasa. Tengo lilifungwa upande mmoja kwa msuko wa Tavita, upande mwingine kwa msokoto wa mama, kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa. Baba alikagua mafundo kwa macho ya mhandisi, akakohoa, akauliza kama pengine boliti moja tu, ya tahadhari. Mama alimtazama. Baba akaenda kununua aiskrimu.

Tuliingia watatu, Tavita nyuma na kafi, Sina na mimi mbele. Mtumbwi ulizama kidogo, ukaguna, kamba zikanywa maji, na niliziona zikijikaza, zikiuma mbao. Tulikuwa katikati ya mto wakati boti la injini la watu waliokuwa wakistarehe lilipopita kwa kasi na kutuletea wimbi. Mama alisimama ukingoni, mtandio umemwangukia mabegani. Tengo likainuka juu ya maji. Kamba zikalia, ule mlio wa mlango mkuu wa msikiti. Kisha likarudi chini, paa, na tukawa bado tumekaa tulipokuwa tumekaa.

"Linaelea!" alipiga kelele Wayne, akasahau yuko upande gani. "Kochi linaelea!"

Tavita aliacha kupiga kafi. Alituambia tulale kifudifudi kwenye mbao, tufumbe macho, tumwambie mawimbi yanatoka wapi. Sina alisema kushoto, mimi nikasema nyuma, na tulikuwa sahihi wote wawili, kwa sababu yalikuwa mawimbi mawili. Shavu langu lilikuwa juu ya kamba ya mama, pua imejaa usumba. Tavita akasema jambo alilolisoma mahali, naye alilisema kama anajaribu viatu vipya: mabaharia wale hawakujiona wanakwenda. Chombo kimetulia pale pale. Kisiwa ndicho kinachokuja, wewe kazi yako ni kujua bila kukoma umetoka wapi. Nilifungua jicho moja. Mikoko ya ng'ambo ilikuwa inakuja taratibu, kama iliyoitwa.

Ningependa kuwaambia kwamba mwalimu alibadilisha sentensi. Aliusikiliza mkasa wote, akampongeza Sina kwa dhati, kisha akasema mto si bahari, na kwenye jaribio lazima tuandike kilichofundishwa. Jaribio likaja. Kwenye swali la watu wa visiwa walifikaje, Sina aliandika neno moja: walikuja. Likapigwa mstari mwekundu. Akarudishiwa asahihishe, akaandika walikuja. Akatolewa nje akakae kwenye baraza mpaka afikirie vizuri. Nilimwona kupitia kioo, ameketi wima, mikono mapajani, kama abiria aliyelipa nauli.

Nikafuta langu nikaandika walikuja. Tulikaa barazani pamoja mpaka kengele ikalia. Jua lilikuwa zuri.

Nyumbani nilimweleza mama nilichoandika, nikisubiri kiboko. Aliniuliza ni neno gani hasa. Nikamwambia. Akanivuta, akakiweka kichwa changu kwenye tumbo lake lenye harufu ya siagi, akaniacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Umeandika sawa," akasema.

Mwaka uliofuata tulirudi nyumbani. Kwenye kuagana, Tavita alikata kipande cha msuko wake na kipande cha msokoto wa mama, akavifunga fundo, akaniwekea shingoni. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuondoka, na sijaacha kuondoka mpaka leo. Kamba hii imekuwa nami jikoni melini na kwenye vyumba vya hoteli nilivyosafisha. Ipo nami sasa ninapowaogesha wazee wa Kizungu kule Quakers Hill. Wengine wao, nikiwafunga vifungo vya shati, wananiinamishia kichwa upande: uliishiaje huku, mpenzi?

Mama hayupo tena. Tavita naye hayupo. Sina yuko Auckland, na mipaka ilipofungwa tukawa tunaonana kwenye simu tu. Nilimpigia siku ile ile kumwambia pua imerudi. Aliniambia binti yake amejiunga na mabaharia wa chombo kama kile cha kwenye kaseti, wanajifunza nyota na mawimbi, na kwa sababu ya marufuku chombo kimepandishwa nchi kavu. Tangu waruhusiwe kutoka kidogo, wamekuwa wakienda kulala ndani yake kikiwa juu ya majani.

"Wanafanya nini humo?" nilimuuliza.

"Wanafanya mazoezi. Kwani wewe unafanya nini humo ndani?"

Baada ya simu nililala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, shavu kwenye kamba. Helikopta ilipita. Nilifumba macho nikaanza kurudi nyuma: Seven Hills, Rotterdam, Durban, Muscat, Tanga, nyumba ya mbao karibu na reli, Pemba, mlango wa bluu, jiwe la kusugulia miguu mbele yake. Hakuna kituo kilichokosekana. Na hapo, nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ndipo nilipomwona mama vizuri. Siku zote nilidhani alilipasua lile kochi kwa ajili ya Sina. Nilidhani hakuelewa swali la wale wanawake. Alilielewa kuliko mimi niliyelitafsiri. Alilisikia ndani yake lile lile lililokuwa ubaoni, kwamba mtu mweusi akionekana mbali na kwao lazima kuna upepo uliomtupa. Akalijibu kila mara, na mimi kila mara nikamrukia na kumfafanulia.

Nilimpigia Khamis. Alikuwa anakula, watoto wake wanapiga kelele nyuma. Nikamwomba aweke sauti kubwa wote wasikie.

"Haya, sema," alisema. "Wamekaa. Shangazi yenu anataka kuwaeleza aliishiaje Australia."

"Sikuishia," nikasema. "Nilikuja."